Jua la utosi na mbio za katikati ya mji

Kila mwaka, wikendi ya pili ya Juni, mitaa ya katikati ya Tulsa katika jimbo la Oklahoma hufungwa magari yasipite, zikapita baiskeli. Mashindano hayo yaitwayo Tulsa Tough yalianza mwaka 2006 na huchukua siku tatu: Ijumaa mtaa wa Blue Dome, Jumamosi Tulsa Arts District, Jumapili kando ya mto Arkansas, penye kilima cha Cry Baby Hill ambako watazamaji hujazana hadi kubakiza uchochoro wa kupita. Sifa nyingi huwaendea wa kulipwa, ambao mbio zao hupangwa alasiri na jioni. Waendesha baiskeli wa ridhaa, yaani mwalimu, fundi umeme, muuguzi aliyeomba ruhusa kazini, ratiba huwaanzisha asubuhi na kuwafikisha mchana. Matokeo yake, wasio na daktari wa timu wala gari la barafu ndio wanaokabidhiwa jua la utosi.

Mambo ni hayohayo karibu kila mji wa Marekani wenye mbio kama hizi wakati wa kiangazi. Makala haya yanawahusu waendesha baiskeli hao wa ridhaa, pamoja na mke, mume, kaka au rafiki anayesimama pembeni na sanduku la barafu, kwa sababu siku jambo likiharibika, yeye ndiye atakayekuwa karibu.

Mbio zenyewe huitwa kriteriamu. Njia ni fupi, mara nyingi kilomita moja au moja na nusu, ikizunguka majengo kwa kona nne, sita au zaidi. Hushindani kwa umbali uliotangazwa bali kwa muda: wanaoanza hupewa kama dakika 30, waliowazidi daraja 40 au 50, wa kulipwa saa nzima na ushei. Waamuzi hupima kasi ya mizunguko ya mwanzo, halafu huweka ubao unaoonyesha mizunguko iliyobaki. Ukibaki mmoja, kengele hulia. Hulia pia katikati ya mbio kutangaza kwamba atakayeongoza mzunguko unaofuata atapata zawadi, na hapo kundi zima huchomoka kwa pamoja.

Hebu tulitazame joto. Misuli ya anayeendesha baiskeli hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo; robo tatu huwa joto. Anayesukuma pedali kwa wati 250 huzalisha ndani ya mwili wake joto la wati 750 hivi, sawa na kubeba pasi ya umeme iliyowashwa kifuani. Njia kuu ya kulitoa ni jasho, na jasho hupoza linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote huchukua kama kilojuli 2,400, kwa hiyo kulitoa joto hilo kwa saa moja kunahitaji lita moja na kidogo, na yote ikaukie kwenye ngozi. Linalodondoka kwenye fremu limepotea bure.

Upepo ndio unaolikausha. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa mwili hupata upepo wa kutosha kuvumilia hali ya hewa ambayo ingemshinda mkimbiaji wa miguu. Ukisimama, upepo huo unakatika papo hapo huku misuli ikiendelea kumwaga joto kwenye damu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika kriteriamu ya siku ya joto hatari kubwa iko kwenye nyakati mbili za kusimama: dakika za kungoja filimbi na dakika za baada ya kuvuka mstari wa mwisho. Wengi huelekeza hofu yao yote kwenye mbio, wakafunga chupa mbili kwa safari ya dakika 40, na nyakati hizo mbili hazina mpango wowote.

Kuusoma utabiri

Utabiri wa Marekani hutangazwa kwa Fahrenheit. 86 ni nyuzi 30 za Selsiasi, 95 ni 35, na 100 inakaribia 38. Lakini namba hiyo peke yake haikuambii mengi. Nyuzi 35 za hewa kavu yenye upepo huvumilika. Nyuzi 31 za fukuto, mawingu yakiwa hayapo na majani hayatikisiki, zinaweza kulaza watu. Kuna kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevunyevu, ukali wa jua na upepo, kinachofupishwa WBGT. Kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa wanamaji wa Marekani kule Parris Island, South Carolina, waliokuwa wakianguka mazoezini. Katika hesabu yake, sehemu saba kati ya kumi hutoka kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, jambo linaloonyesha jinsi unyevu unavyolizidi joto la hewa kwa uzito.

Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, hutumia kipimo hicho katika utaratibu wake wa siku za joto. Kuanzia 23 tahadhari huongezwa. Kuanzia 28 ni rangi nyekundu, na wahusika hujadili kusogeza saa ya kuanza, kufupisha au kufuta mbio. Mbio za ridhaa za mtaani hazifuati utaratibu huo kila mara, lakini simu yako inaweza kukupa makadirio ya WBGT ya mji husika, na waandaaji wanaweza kuulizwa siku chache kabla: mtapima wapi, na mkifika kiwango gani mtafanya nini? Mwandaaji mzuri atakuwa na jibu. Mji wa katikati nao huongeza lake. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, aghalabu juu ya nyasi. Wewe utakuwa juu ya lami ambayo mchana wa namna hiyo huweza kufika nyuzi 60, katikati ya kuta zinazozuia upepo na kurudisha jua.

Wiki mbili kabla

Mwili hufundishika. Ukifanya mazoezi kwenye joto kwa dakika 60 hadi 90 kila siku, au karibu kila siku, kwa siku 10 hadi 14, majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea kwenye jasho hupungua. Hakuna kifaa cha kununua kinachoweza kuleta faida hiyo, na ndilo jambo ambalo wa ridhaa hulipuuza kuliko yote, kwa kuwa hufanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi. Mtu wa Nairobi au Kigali anayehamia miji ya kusini mwa Marekani huhitaji siku hizo kikamilifu, hata awe hodari wa milima. Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam ana mwanzo mzuri, ila mwanzo huo hufifia baada ya wiki chache tu za kuishi ndani ya kiyoyozi. Anza na mwendo mwepesi, saa za jioni kabla joto halijashuka, na uongeze kidogo kidogo.

Katika wiki hizo pima pia jasho lako. Jipime uzito bila nguo kabla ya mazoezi ya saa moja, jipime tena baadaye ukiwa umejifuta, kisha ongeza kiasi ulichokunywa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja. Wapo wanaotoa nusu lita kwa saa na wapo wanaotoa mbili, na ushauri wa jumla hauwezi kuwatosheleza wote.

Hapa lazima niseme neno kuhusu maji, kwa sababu ushauri wa "kunywa, kunywa, kunywa" umewadhuru watu. Maji yakizidi sana huipunguza sodiamu ya damu, na hali hiyo inaweza kuua. Mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu ya chini; waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Kriteriamu ni fupi mno kukufikisha huko ukiwa barabarani, lakini kuna watu hunywa lita nne asubuhi kwa hofu. Kunywa ukisikia kiu, kula chakula chako na chumvi yake ya kawaida, na mkojo wa manjano hafifu utakuambia uko sawa. Barabarani, chupa moja inatosha wengi kwa dakika 40. Kupokezana chupa wakati wa mbio fupi kwa kawaida hakuruhusiwi mpaka waamuzi watangaze, hivyo usitegemee.

Asubuhi ya mbio

Kuna asubuhi ambazo jibu sahihi ni kubaki nje. Ukiwa na homa, ukiwa umeharisha usiku, au bado una mabaki ya pombe ya jana, mwili hautaweza kujipoza ipasavyo. Baadhi ya dawa hufanya hivyo pia: za mafua na mzio zinazokausha mdomo, za kuongeza mkojo, na zile za kuchangamsha. Dawa za maumivu kama ibuprofen huziongezea figo mzigo zikiwa tayari zimepungukiwa damu. Anayetumia dawa kwa maagizo ya daktari asiziache kwa ajili ya mbio. Amuulize daktari wake mapema.

Ukiamua kushindana, fupisha kupasha misuli. Waliozoea dakika 40 juu ya roli za mazoezi wakae 10 au 15, kivulini, feni ikiwaelekea, kwa maana kila nyuzi unayoingia nayo mstarini ni akiba iliyopungua. Barafu iliyosagwa na kinywaji cha matunda, kama nusu lita kwa mtu wa kilo 70, inywewe taratibu ndani ya nusu saa ya mwisho. Hupoza mwili kutoka ndani, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba humwongezea mtu muda kabla ya kuchoka kwenye joto. Ijaribu kwanza mazoezini, maana si kila tumbo huikubali. Waliobobea hukata soksi ndefu ya nailoni ya wanawake, wakaijaza vipande vya barafu, wakaifunga na kuiweka chini ya shingo ndani ya jezi. Huyeyuka mgongoni kwa mizunguko kumi ya kwanza. Ni rahisi na hufanya kazi.

Kisha huja kungoja. Kila mtu anataka safu ya mbele, hivyo watu hujipanga mapema na kusimama dakika kumi au kumi na tano juu ya lami huku waamuzi wakisoma matangazo. Hapa ndugu yako ana kazi: mwavuli, taulo lililolowekwa maji ya barafu, na mfuko wa kulibeba mnapoondoka. Kama waandaaji wanaruhusu, subirini kivulini hadi muitwe. Mwakilishi wa klabu anayewaomba waamuzi wafupishe hotuba yao siku hiyo anawasaidia wote walioko mstarini.

Usisahau tairi. Upepo uliojazwa asubuhi gereji ikiwa na nyuzi 22 hautakuwa uleule saa saba mchana. Tairi la psi 80 likipanda hadi nyuzi 45, kwa kukaa ndani ya gari au juani, huongeza psi 7 hivi, na tairi lililokaza kupita kiasi hurukaruka kwenye kona. Pima upya kivulini, muda mfupi kabla ya kuanza.

Ndani ya kundi

Kwenye kona kundi hubanana na kufunguka. Watu kumi wa mbele hupita kwa mwendo ule ule, karibu bila kugusa breki. Aliye wa arobaini hufunga breki, hungoja, kisha hukimbia kwa nguvu zake zote kuziba pengo. Kwenye njia ya kona sita, mizunguko 25, hiyo ni mara 150 za kuchomoka, na kila mara huchangia kwenye ile hesabu ya wati niliyoitaja. Siku ya baridi unaweza kuokoka ukiwa nyuma. Siku ya joto, nafasi yako kundini ndiyo kinga yako kubwa, kuliko chupa na kuliko barafu. Panda kwenye sehemu iliyonyooka, usipande ndani ya kona. Na ukishafika kwenye watu kumi na tano wa mbele, tumia nguvu kubaki hapo. Kengele ya zawadi ikilia na wewe si mwenye mbio za kasi, waache waende, watarudi wamechoka.

Joto hubadilisha hata barabara. Lami iliyozibwa nyufa kwa mistari myeusi hulainika na kuteleza mchana, hata kama asubuhi uliikagua ikawa imara. Mifuniko ya chemba na rangi nyeupe za kivuko cha wapita njia huteleza zikilowa, na siku ya joto hulowa, kwani watazamaji wema humwaga maji kwa mpira au ndoo. Ukiwa mtazamaji, mwaga maji mahali pa kupanda au sehemu iliyonyooka, kamwe si kwenye kona. Ukiwa mshindani, pita kona na pedali ya nje ikiwa chini, macho yakitazama unakotokea, breki zikiwa zimemalizwa kabla hujainamisha baiskeli.

Ukipata pancha au ukianguka, kanuni za Marekani kwa kawaida hukupa mzunguko wa bure: nenda kwenye kituo cha magurudumu, mwamuzi akague, urudishwe kundini ulipokuwa. Nafasi hiyo hufungwa zikibaki kilomita 8 za mwisho. Siku ya joto ngojea humo kivulini kama kipo, na sema ukweli ukiulizwa unajisikiaje. Aliyeachwa mbali na kundi waamuzi humtoa, na mimi nawaunga mkono kabisa wanapofanya hivyo mapema.

Ajitoe mwenyewe yeyote anayeona vinyweleo vinamsimama, anasikia baridi juani, au hakumbuki ubao ulisomeka ngapi. Hiyo si dalili ya uvivu. Ubongo umeanza kupata moto.

Baada ya mstari

Usisimame. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, presha hushuka, na mtu huanguka mbele ya wapiga picha. Endelea kuzungusha pedali polepole kwa dakika tano hadi kumi, ukitafuta kivuli na upepo, kisha shuka, vua kofia ngumu, fungua jezi, kaa na uinue miguu. Anayesikia kizunguzungu na kichefuchefu lakini anajibu maswali vizuri kwa kawaida hurejea kwa kivuli, maji ya baridi mwilini na kinywaji.

Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la ndani hupita nyuzi 40 na akili huyumba: mtu hutukana asivyo kawaida yake, hupepesuka, hajui yuko mji gani, au huzimia. Usidanganywe na jasho. Aliyetoka mbioni anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado yumo hatarini. Wala usiamini kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso. Kinachotoa jibu la kweli ni cha njia ya haja kubwa, na hicho ni cha wahudumu wa afya.

Piga 911, kisha mpoze pale pale bila kungoja gari. Poza kwanza, safirisha baadaye. Mtumbukize hadi shingoni katika beseni kubwa la maji na barafu, mmoja akimshika chini ya makwapa ili kichwa kisizame, mwingine akiyakoroga maji. Kama hakuna beseni, watu wanne washike kingo za turubai, mgonjwa akiwa katikati, mimina maji na barafu na myatikise. Pasipo na turubai, funika mwili mzima kwa taulo za maji ya barafu na uzibadilishe kila dakika moja au mbili. Wahudumu wenye kipimajoto humtoa akishuka karibu na nyuzi 39. Asipopimwa, dakika 10 hadi 15 ndizo za kukadiria. Usimnyweshe chochote mtu ambaye akili yake haijatulia.

Ushahidi wa njia hii ni mkubwa. Kwenye mbio za miguu za Falmouth, Massachusetts, zinazokimbiwa Agosti, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika miaka 18 walitibiwa kwa maji ya barafu pale pale uwanjani, na wote waliishi. Gharama yake ni mabeseni na barafu. Kabla ya kulipa ada ya kushiriki, mwulize mwandaaji kama anayo yote mawili karibu na mstari wa mwisho; wakiuliza watu ishirini, mwaka ujao yatakuwepo.

Aliyepata kiharusi cha joto haendeshi kesho, hata akiamka mzima. Wataalamu wa tiba ya michezo hushauri angalau siku saba bila mazoezi, kisha daktari amkague kabla hajarudi taratibu, kwanza mahali pa baridi. Kwa waliomaliza salama na wana mbio nyingine siku ya pili, kama ilivyo Tulsa, jipime uzito asubuhi. Ukiwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa jana asubuhi, yaani kilo moja na nusu kwa mtu wa kilo 75, kunywa na kula hadi urejee, na kama saa yako ya kuanza itafika kabla hujarejea, mkabidhi mwandikishaji namba yako na ukae upande wa watazamaji, uwe mshika mwavuli wa mwenzako.